Tangazo Lisilopiga Hodi

Jioni moja, baada ya sala ya Maghrib, jirani yetu alitujia akiwa na simu mkononi na uso umemsawijika. Tulipokwisha kuamkiana alikaa kitako mkekani, akaiweka simu mbele yetu kama mtu awekaye ushahidi mbele ya kadhi.

"Nitazamieni hii," alisema. "Leo siku ya tatu nimemnyima mwanangu simu, naye anakula yamini kwamba hakutenda kitu. Lakini kila nikiifungua hutoka mapicha nisiyoweza kuyataja mbele yenu. Juzi yalitoka babu yake akiwa ameishika."

Simu hiyo ni ya nyumba nzima. Mama huitumia kupokea maagizo ya mahamri na viazi karai, na kijana wake wa miaka 13 huitumia kwa kazi za shule na kusikiliza darsa za madrasa. Mapicha yalipoanza kuchomoza, mama alikata shauri kwamba kijana alikuwa akizuru mahali pasipofaa. Hukumu ikapita, simu ikafichwa kabatini, na baina ya mama na mwana pakaingia ubaridi.

Tuliipitisha simu katika programu ya kinga, ile inayotafuta virusi na programu za kijasusi. Baada ya dakika chache ilitoa jibu la mstari mmoja: programu ya tochi iliyomo humu si kirusi, ni programu ya matangazo, na pengine haitakiwi. Chini yake palikuwa na vitufe viwili: iondoe, au iache.

Jirani yetu aliusoma mstari ule mara mbili, kisha akauliza maswali mawili ambayo tumeona yanastahili makala nzima. "Kama si kirusi, ni kitu gani basi? Na kama haitakiwi, mbona yaniuliza mimi badala ya kuitoa?"

Baina ya mwizi na mgeni

Katika mazungumzo ya kila siku, kila kinachoharibu simu huitwa kirusi. Watengenezaji wa programu za kinga hawatosheki na jina hilo moja. Kirusi, kwa maana yake halisi, ni programu inayojinakili na kujipenyeza ndani ya nyingine. Programu ya kijasusi haina haja ya kuzaana; kazi yake ni kukaa kimya na kukusanya habari: umetembelea kurasa zipi, umeandika nini, uko wapi. Programu ya matangazo kazi yake ni kuonyesha bidhaa, na aliyeitunga hulipwa kila tangazo linapoonekana au kubonyezwa.

Kazi hii ya mwisho si kosa kwa asili yake. Mchezo wa watoto au kamusi ya bure ina gharama zake, na mtunzi huenda akaamua kuzilipa kwa kuweka tangazo dogo chini ya kioo. Mwenye simu huliona, hujua limetoka wapi, na akichoka huifuta programu mambo yakaisha. Huyo ni mgeni aliyepiga hodi, akaketi alipoonyeshwa, na akaondoka alipoagwa.

Kuna mwingine. Huingia akiwa amejificha katika mzigo wa mwenzake. Akishaingia, huchomoza juu ya kila ukurasa, hata wakati programu yake haikufunguliwa. Hubadilisha ukurasa wa mwanzo wa kivinjari cha intaneti. Huficha alama yake ili asipatikane. Na ukimtoa mlangoni hurudi kwa dirishani. Tena, kwa kuwa tangazo huleta faida zaidi likimfikia mtu mwenye haja nalo, huanza kumchunguza mwenye simu ili ajue la kumwonyesha. Hapo mpiga mnada na jasusi huwa ndugu wa baba mmoja. Ndiyo sababu baadhi ya programu za mwanzo kabisa za kupambana na ujasusi katika kompyuta, kama Ad-Aware ya mwaka 1999 na Spybot Search & Destroy iliyoifuata mwaka 2000, zilianza kwa kuwinda vipande vya matangazo vilivyokuwa vikiwafuatilia watu kwa siri.

Mizani ya kinga

Programu ya kinga humjua mgeni kwa njia mbili. Ya kwanza ni alama. Kila faili lina mfuatano wake wa tarakimu, na kinga huulinganisha na orodha ya mafaili yaliyokwisha kujulikana, kama afisa wa bandarini anavyolinganisha pasipoti na daftari lake. Ya pili ni tabia: programu yajiita tochi lakini yaomba ruhusa ya kusoma majina ya watu waliohifadhiwa katika simu, au yachora tangazo juu ya programu nyingine isiyohusiana nayo.

Njia hizi mbili humweleza mkaguzi kwamba programu ni ipi na yafanya nini. Hazimwelezi kama jambo hilo ni baya. Tangazo lile lile, lililochorwa kwa ufundi ule ule, laweza kuwa halali katika programu moja na ukorofi katika nyingine. Kinachozitofautisha ni ridhaa ya mwenye simu, na ridhaa haionekani ndani ya faili. Lazima pawepo binadamu wa kuweka masharti: programu hii iliahidi nini, iliomba ruhusa gani, na inatenda nini.

Mwaka 2005, kampuni kadhaa za kinga pamoja na watetezi wa haki za watumiaji nchini Marekani walikaa pamoja katika jumuiya iliyoitwa Anti-Spyware Coalition, wakatoa fasili moja ya kukubaliana. Kwa ufupi walisema kwamba programu huhesabiwa kuwa ya kijasusi au isiyotakiwa ikiwa imewekwa bila ridhaa ya kutosha, au ikiwa inamnyang'anya mtumiaji uwezo wa kuamua, katika mambo matatu. La kwanza ni mabadiliko makubwa yanayogusa matumizi, faragha au usalama wa chombo chake. La pili ni matumizi ya nguvu za chombo hicho, pamoja na vitu vinavyosakinishwa ndani yake. La tatu ni ukusanyaji na usambazaji wa habari zake binafsi.

Tazameni jinsi fasili hii isivyotaja aina ya picha wala aina ya bidhaa. Tangazo la sabuni lililoingia kwa hila lina kosa lile lile la tangazo la uchi lililoingia kwa hila. Na kinyume chake ni kweli vilevile: programu iliyopiga hodi barabara, ikaomba ruhusa na kupewa, inaweza kupita katika mizani ya kinga ikiwa safi, na bado ikaonyesha mambo ambayo hakuna mzazi angeyapenda machoni mwa mwanawe. Kinga hupima ridhaa, haipimi haya. Kazi hiyo ya pili imebaki kwa wenye nyumba.

Kampuni za leo zimeandika masharti yao kwa uwazi zaidi. Microsoft hutaka kila tangazo linaloonekana nje ya programu iliyolileta liwe na njia bayana ya kulifunga, na liandikwe jina la programu hiyo. Hutaka pia programu iweze kuondolewa kwa njia ya kawaida. Ikivunja masharti hayo hutiwa katika daftari la programu za matangazo. Google nayo, Februari 2020, iliondoa programu karibu 600 katika duka lake la Play kwa sababu ya matangazo ya usumbufu, na miongoni mwa makosa yaliyotajwa ni kuonyesha matangazo wakati mtu hata hakuwa akiitumia programu hiyo. Hilo hasa ndilo lililotokea katika simu ya jirani yetu.

Majina yanayotolewa hutofautiana. Kaspersky hutanguliza maneno "not-a-virus", yaani si kirusi, kabla ya kutaja kwamba ni programu ya matangazo. Malwarebytes huandika "PUP", na Microsoft huandika "PUA". Herufi hizo zote husimamia maana moja, kwamba hii ni programu ambayo pengine haitakiwi. Anayeziona asidhani ameambiwa simu yake ni salama. Ameambiwa kwamba kinga imemwona mgeni wa mashaka, na inangoja neno la mwenye nyumba.

Kwa nini "pengine"?

Neno hilo la upole lina historia, na historia yake ilipita mahakamani. Miaka ya mwanzo ya 2000, kampuni za matangazo za Marekani zilikasirika zilipoona bidhaa zao zikiitwa za kijasusi. Zilidai kwamba watumiaji walibonyeza "nakubali", na kwamba masharti yote yalikuwa yameandikwa, ijapokuwa katika kurasa ndefu zisizosomwa na mtu. Jina la "pengine haitakiwi" likawa njia ya kumwonya mtumiaji bila ya kumwita mfanyabiashara jasusi.

Kisa cha kampuni moja chatosha kuonyesha uzito wa majina haya. Kampuni ya 180solutions, ya jimbo la Washington, ilitengeneza programu za kuchomoza matangazo. Mapema mwaka 2005 ilipokewa katika COAST, muungano wa mwanzo wa watengenezaji wa kinga. Wanachama wakubwa walijitoa, na muungano huo ukavunjika papo hapo. Watu hawakuelewa vipi mlinzi na anayelindwa dhidi yake wakae baraza moja. Baadaye kampuni hiyo ilichukua jina la Zango. Novemba 2006 ilikubali kulipa dola milioni 3 kumaliza madai ya Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani, iliyosema kwamba programu zake zilikuwa zimesakinishwa zaidi ya mara milioni 70, na zilikuwa zimeonyesha matangazo bilioni 6.9.

Mwaka uliofuata Zango iliishtaki Kaspersky kwa kuzizuia programu zake. Mwaka 2009 mahakama ya rufaa iliamua kwamba mtengenezaji wa kinga analindwa na sheria ya mwaka 1996 anapompa mtumiaji chombo cha kuzuia kinachokera. Uamuzi ulipotoka, Zango yenyewe ilikuwa imekwisha kufungwa miezi michache kabla.

Lakini mwenye mizani naye hupimwa. Mwaka 2019, mahakama hiyo hiyo, katika kesi ya Enigma dhidi ya Malwarebytes, ilisema kwamba ulinzi huo wa sheria haufiki pale inapodaiwa kwamba kampuni imempa mshindani wake jina baya ili kumwangusha kibiashara. Na Julai 2005, kinga ya Microsoft iliyokuwa bado ya majaribio ilibadilisha pendekezo lake kuhusu programu za kampuni ya Claria, kutoka "weka karantini" hadi "puuza". Programu ziliendelea kutambuliwa kama kawaida. Kilichobadilika ni ushauri aliopewa mtumiaji, na wengi wetu hufuata ushauri bila kuuliza.

Hapo tunapata jibu la swali la pili la jirani yetu. Kinga humuuliza mwenye simu kwa sababu imekubali kwamba pengine yeye mwenyewe aliitaka programu hiyo. Kampuni nyingine zimechoka kungoja: tangu Julai 2014, Microsoft iliamua kuzisimamisha mara moja programu zilizothibitika kuwa za matangazo yenye ukorofi, badala ya kuziacha zikiendelea mpaka mtumiaji ajibu. Lakini kwa zile za mashaka swali lingali likiulizwa, na asiyejibu huwa amejibu: ameiacha.

Ridhaa ya nani?

Wazee wetu waliouza na kununua Marikiti walijua kwamba mnunuzi aliyefichwa kasoro ya bidhaa hakuridhia, hata kama alilipa kwa mkono wake. Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 imesimama karibu na pale pale. Inataka ridhaa ya mtu iwe ya hiari, iwe wazi, ihusu jambo mahususi, na itolewe baada ya yeye kuelezwa. Kwa habari za mtoto, inataka ridhaa ya mzazi au mlezi. Kwa hiyo kijana wa miaka 13 anapobonyeza "nakubali" katika mchezo wa bure unaokusanya habari zake, ridhaa inayohitajika haikuwa yake kuitoa.

Lakini mama anayeulizwa lazima aelewe anachoulizwa. Programu nyingi hazivunji mlango. Huomba ruhusa moja baada ya nyingine, haraka haraka, mpaka kidole kizoee kubonyeza. Tochi haihitaji kujua uko wapi. Kikokotoo hakihitaji kusoma majumbe yako. Ruhusa isiyolingana na kazi ndiyo dalili ya kwanza.

La kufanya nyumbani

Tangazo likichomoza pasipo kutarajiwa, usiharakishe kulifunga. Fungua orodha ya programu zilizotumika karibuni. Mara nyingi mwenye tangazo atakuwa wa kwanza katika orodha hiyo. Kisha ingia katika mipangilio ya simu, sehemu ya programu, utafute zilizoingia karibu na siku ambayo matatizo yalianza. Itilie shaka programu isiyo na jina au isiyo na picha yake.

Humo humo katika mipangilio ya simu za Android mna ruhusa maalumu ya programu kuonekana juu ya programu nyingine. Wapitie waliopewa ruhusa hiyo mmoja mmoja, na umnyang'anye kila asiyeihitaji. Programu ikikataa kutoka, tazama kama imejiandikisha miongoni mwa wasimamizi wa kifaa, uiondoe hapo kwanza. Ikishindikana, washa simu katika hali salama. Katika simu nyingi hufanyika kwa kushikilia kidole juu ya neno la kuzima mpaka simu iulize. Katika hali hiyo programu ulizopakua huwa zimelala, na mkorofi huweza kutolewa akiwa usingizini.

Wakati mwingine kinga haitaona kitu, kwa sababu hakuna kilichosakinishwa. Mtu alibonyeza "ruhusu" katika tovuti fulani, na tangu siku ile tovuti hiyo inaleta arifa kupitia kivinjari. Dawa yake ni kuingia katika mipangilio ya kivinjari, sehemu ya arifa, na kuifungia tovuti hiyo.

Na tangazo likikwambia kwamba simu yako imejaa virusi, bonyeza hapa upate tiba, usibonyeze. Ukurasa wa intaneti hauna uwezo wa kuikagua simu yako. Anayekutisha hivyo mlangoni ndiye mara nyingi anayetaka kuingia. Simu nyingi za Android zina mkaguzi wake ndani ya duka la Play. Anza na huyo.

Tulipofika hapo, tulirudi kwa jirani yetu na simu yake. Tulifungua ukurasa wa ile tochi na kutazama siku iliyoingia. Alihesabu kwa vidole, akanyamaza kidogo.

"Ni usiku ule stima ilipopotea mtaa mzima," alisema. "Mimi ndiye niliyeitafuta. Mwanangu alikuwa amelala."

Simu yake, kama simu nyingi za siku hizi, ilikuwa na tochi yake tangu dukani, hakujua. Alibonyeza "iondoe" kwa mkono wake mwenyewe. Tulikaa naye mpaka adhana ya Isha, na simu haikutoa picha tena.

Kesho yake alitusimulia yaliyofuata. Hakumwita kijana faraghani. Alingoja babu aketi, kwa kuwa aibu ilimpata kijana mbele ya babu, akaitoa simu kabatini na kumkabidhi. "Mwanangu, niwie radhi," alimwambia. "Nilikuhukumu bila ushahidi. Mlango niliufungua mimi."